Kopo la Betri la Mama Pindo

Shangazi yangu anaogopa ghorofa ya tatu. Haogopi urefu wake. Anaogopa kwamba akipandishwa huko hatashuka tena. Mwanawe, kifungua mimba wake, anakaa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, na huu mwaka wa pili anamwambia, "Mama, siku masikio yakikuishia kabisa unahamia kwangu. Hilo halina mjadala." Anasema kwa upendo. Mimi upendo wa namna hiyo siutaki, lakini hakuna aliyeniuliza.

Kabla magoti hayajamwangusha, Shangazi alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na mmoja. Wateja walimpa jina la Mama Pindo, maana pindo alilolishona yeye lilibaki imara hata nguo yenyewe ikichakaa. Siku hizi anaishi peke yake katika vyumba viwili vya chini, vyenye milango inayopitisha kiti chake cha magurudumu. Cherehani yake ya mkono iko dirishani, na bado wapo wanaomletea suruali za kupunguza. Masikioni amevaa vifaa vya kusikia, kimoja kila upande. Akivivaa anasikia maji yakichemka, hodi mlangoni na umbea wangu wote. Akivivua hasikii hata mlango ukibamizwa.

Sasa, mwezi ule betri zilianza kumfanyia visa. Zamani betri ilidumu wiki nzima. Ikawa siku tatu, ikawa siku moja, na mwisho akawa anabadilisha asubuhi na jioni. Shangazi akalipima jambo lile kifundi. Cherehani ukiilazimisha kushona turubai, inachoka na sindano inakatika. Kwa hiyo, akajiambia, betri ni zile zile, ila masikio yangu yamekuwa turubai. Hakumwambia mtu, hata mimi. Alilimeza siku kumi na mbili peke yake, na usiku aliota ngazi.

Kliniki ya masikio ilipompangia siku, mwanawe alisema atamsindikiza. Hapo hofu ikazidi. Huyu bwana hajawahi kumsindikiza mama yake hata dukani.

Gari lilikuja saa tatu asubuhi. Ni lile gari la huduma ya wazee na walemavu, unaloliagiza kwa simu siku mbili kabla. Nyuma lina ubao wa chuma unaoshuka hadi chini, unapanda nao na kiti chako, halafu dereva anakufunga na mikanda minne iliyonasa sakafuni. Ni gari zuri, sina ugomvi nalo, isipokuwa jambo moja: kiti cha magurudumu kinafungwa kikitazama nyuma. Wanasema ni kwa usalama. Kwa mtu anayesoma midomo ili ajue dunia inasema nini, ni sawa na kumfunga kitambaa machoni. Dereva yuko nyuma ya kisogo chake, njia iko nyuma ya kisogo chake, naye anaona tu kule alikotoka.

Mwanawe alikaa kwenye kiti cha kukunja kilicho mbele yake, karibu na mlango wa nyuma. Hawakuwa wamepita hata mitaa miwili, kifaa cha kulia kikalia milio minne ya kuaga, kikanyamaza. Cha kushoto kikafuata. Ngurumo ya gari ikakatika ghafla. Barabara ikaendelea kutikisika bila sauti yoyote.

"Usiogope," alijiambia, na papo hapo akaogopa.

Mapajani alikuwa na kopo lake la vifungo, ambalo sasa lilikuwa la betri. Betri zenyewe ni ndogo kama vifungo vya shati la mtoto. Akageuza uso dirishani, akajifanya anapanga mtandio wake, akabadilisha ya kulia kwa kupapasa. Kimya. Akatia nyingine. Kimya. Ya tatu ilimponyoka, ikabingirika sakafuni hadi kwenye kiatu cha mwanawe, naye akashusha macho kuitazama. Akaiokota, akamrudishia. Kisha akaanza kuzungumza.

Alizungumza muda mrefu. Ana ile tabia ya kusema huku kidevu kimelala kiganjani, vidole vimefunika midomo, hivyo Shangazi hakupata hata neno moja la kushikia. Aliona tu nyusi zikipanda na kushuka. Kumwambia "mwanangu, sisikii" ingekuwa kutia sahihi ya kuhama kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo akafanya wanachofanya wote wenye masikio mazito wakibanwa: akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Mwanawe akasita. Akasema tena kitu, kifupi zaidi. Shangazi akaitikia tena. Mwanawe akamshika goti, akalipapasa, na akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Uso ule ndio uliomtisha. Nimekubali nini, alijiuliza.

Wakati huo gari likapinda. Kupitia kioo cha nyuma aliona kituo cha mafuta kikibaki upande usiostahili, kisha ukuta wa shule, kisha duka la magodoro. Kliniki haiko huko. Huko ndiko kwa mwanawe. Aliushika mkanda wa kulia, akatafuta kifungo chake, hakukiona, akauvuta kwa nguvu zote za fundi, nao haukutetereka. Jengo lile likatokea pembeni ya kioo, na balkoni zake, na nguo zilizoanikwa ghorofa ya tatu.

Anasema hakusikia kelele zake mwenyewe. Alihisi tu koo likiwaka, akamwona mwanawe ameruka kutoka kitini, na gari likasimama ghafla. Dereva akaja nyuma ametumbua macho. Wanaume wawili wakamwinamia, midomo yao inakwenda kasi.

"Mkanda," alisema Shangazi, bila kujua anasema kwa sauti gani. "Umenibana."

Dereva akaulegeza mkanda ambao haukuwa umebana. Kisha, Mungu amjalie, akanyoosha kidole mbele na kuigiza mtu anayechimba kwa sururu. Barabara ilikuwa imechimbwa, walikuwa wanazunguka. Shangazi akaitikia kwa kichwa, safari hii kwa kujua, akalia kidogo ndani ya mtandio. Jengo likapita, likabaki nyuma, na aliliangalia mpaka lilipoisha.

Fundi wa vifaa vya kusikia ni mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Shangazi humwita fundi mwenzangu. Walipofika, mwanawe alibaki kwenye korido na simu yake, mlango ukaachwa wazi kidogo. Shangazi akaweka vifaa vyote mezani, akaweka na kopo, akasema kilichomkaa rohoni siku zote hizo:

"Fundi, niambie ukweli. Masikio yamekufa?"

Fundi alilifungua kopo, akachukua betri moja, akaigeuza, akachukua nyingine. Akavuta karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: NANI AMEBANDUA VIKARATASI?

"Mimi," alisema Shangazi. "Nilivibandua vyote siku ile ile uliponipa."

Kila betri mpya ina kikaratasi cha gundi mgongoni, kidogo, cha kushikwa na kucha. Vidole vya Shangazi vinatetemeka, na fundi cherehani mzuri hutia uzi sindano zote asubuhi, kazi isije ikakwama mchana. Basi alikaa dirishani siku ile akazibandua betri zote kumi na nane, akazitia kwenye kopo, zikawa tayari. Alijivunia sana.

Fundi aliandika tena, taratibu: UKIBANDUA, INAVUTA HEWA. INAANZA KUISHA HATA IKIWA KOPONI. Akachora betri ndani ya kaburi. Halafu akacheka mpaka miwani ikamtoka, akabandua betri mbili mpya, akazitia, akamvalisha.

Sauti ya feni ikarudi. Droo ikarudi. Kiti cha fundi kikalia uchungu, na Shangazi akashika meza kwa mikono miwili.

"Unanisikia, mama?"

"Nakusikia."

"Masikio yako hayajambo. Ni yale yale ya mwaka jana."

Shangazi akafungua mdomo amshukuru. Ndipo sauti ya mwanawe ikaingia kutoka koridoni, safi, kila neno na pindo lake.

"Amekubali. Nakwambia amekubali mwenyewe, kwenye gari. Nimemuuliza mara mbili. Kesho kutwa leteni pikapu, mpangaji aje aone vyumba. Hapana, cherehani haitapanda. Tutampa mtu."

Shangazi anasema hofu ya kwenye gari ilikuwa mchezo wa watoto mbele ya hii.

"Mwanangu," aliita. "Njoo."

Akaingia na simu bado mkononi. "Mama! Wamekutengeneza?"

"Ulikuwa unaniuliza nini kwenye gari?"

"Si tuliongea, Mama? Ukakubali. Uliitikia."

"Niliitikia kwa sababu nilikuwa naogopa. Betri zilikuwa zimekufa. Wewe mwenyewe uliniokotea moja."

Alimwona akiitazama simu, akilitazama kopo.

"Haya, niulize tena," alisema Shangazi. "Yale yale. Sasa nasikia."

Akasubiri. Muda ukapita. Akadhani betri zimekufa tena, akapeleka kidole sikioni upesi. Feni ilikuwa inavuma. Kalamu ya fundi ilikuwa inakwaruza karatasi. Vifaa vilikuwa vizima. Ni mwanawe tu aliyekuwa hasemi kitu.