Nani Kati Yetu Aliugua Tetekuwanga

Nilikuwa kidato cha tatu kaka yangu alipowekewa figo ya baba. Tulikaa mtaa wa Landless, Thika. Upasuaji ulifanyika Nairobi, na baada ya miezi michache kaka alikuwa nyumbani, uso umevimba kwa dawa, naye baba amerudi kiwandani na kovu ubavuni ambalo hakupenda tuliangalie.

Daktari alituonya kuhusu maambukizi kuliko kitu kingine chochote. Zile dawa zilizouzuia mwili wa kaka kuikataa figo ndizo pia zilizomwacha bila nguvu ya kupigana na magonjwa. Ugonjwa ambao kwetu ulikuwa wa kukaa siku mbili bila kwenda shule, kwake ungeweza kuiharibu figo au kumuua. Na baba hakuwa na figo nyingine ya kutoa.

Lakini kwetu mgonjwa hutembelewa. Mtu akitoka kwake na maziwa na ndizi kuja kukuona, humwambii arudi. Kwa hivyo mama alinipa kazi ya kukaa karibu na mlango niwaombe wageni wasimshike kaka mkono. Mimi, ambaye nikiulizwa swali darasani nilijibu nikiangalia viatu. Wageni walikuwa wakinipita wanacheka, "Huyu msichana amekuwa askari siku hizi," na mkono wa kaka wanaushika tu.

Jumamosi moja walikuja akina mama wa kanisa kutoka Ngoingwa. Mmoja alikuwa amembeba mjukuu mgongoni. Alipoketi alimfungua, akamweka kwenye mapaja ya kaka. "Mshike kidogo, anapenda vijana," akasema. Mtoto akaanza kuvuta kola ya shati la kaka. Nikaona nyuma ya sikio la mtoto huyo malengelenge, mengine yamekauka, mengine bado yana maji.

Nilimfuata mama jikoni nikamnong'oneza. Akatoka na birika mkononi, akamwangalia mtoto, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hebu njoo kwa shosho, kijana wangu anachoka haraka."

"Ni tetekuwanga tu," akasema shosho wake, yule nyanya aliyekuja naye, akimpokea. "Imebaki kidogo."

"Hiyo si neno," mama akajibu, akimimina chai. "Wangu waliugua wote pamoja. Niliwalaza kitanda kimoja ili imalizike mara moja."

Wakacheka, kila mmoja akakumbuka alivyofanya na wa kwake. Ilikuwa ndiyo desturi. Mtoto mmoja akitokwa na upele, unawalaza wenzake naye, usiwe na wagonjwa nyumbani kuanzia Januari hadi Desemba. Mimi nilirudi pale mlangoni nikikikumbuka hicho kitanda. Kaka hakuwemo.

Jumatatu tulienda kumwona daktari kwenye kliniki yake ya Ruiru, mimi, mama na kaka. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama alimweleza kuhusu yule mtoto kama jambo dogo la kutajwa tu. Daktari akaacha kuandika.

"Alimshika?"

"Alimpakata."

"Huyu mwenyewe aliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Wote waliugua," mama akasema. "Kitanda kimoja."

Daktari akamgeukia kaka. Kaka akasema, bila kusita, "Niliugua, daktari."

Halafu akaniangalia. Nilielewa yale macho. Wiki iliyofuata alikuwa aanze kazi kwenye duka la vipuri vya magari mjini, kazi yake ya kwanza tangu augue. Alikuwa amechoka kuchomwa sindano na kulala wodini akisikiliza watu wakikohoa.

"Basi ni vizuri," daktari akasema. "Kama aliugua, mwili una kinga yake, anaweza kurudi nyumbani. Kama hakuugua, ningelazimika kumlaza kabla upele haujatoka, nimpe dawa kwa mshipa. Na hiyo dawa nayo inaweza kuichosha figo, siwezi kumpa bure bure."

Akachukua kalamu. Kumpinga mama mbele ya daktari, na kaka mwenyewe ameshasema! Nilifungua mdomo, sauti ikatoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

"Hakuwa nyumbani."

Mama akageuka. "Nani?"

"Yeye. Alikuwa Kalimoni kwa shosho. Mlimpeleka kwa sababu ya mtihani wa darasa la nane, asije akaugua. Alirudi sisi tumeshapona. Alituletea mapera, akayarusha kutoka mlangoni, akakataa kuingia."

"Wewe ulikuwa mdogo," kaka akasema. "Unakumbuka nini?"

"Nakumbuka mapera."

Nilimwona mama akihesabu watoto kwenye kile kitanda kichwani mwake, na idadi haikutimia. Akasema polepole, "Mtihani. Ngai, Mungu wangu. Ni kweli kulikuwa na mtihani."

Daktari hakumgombeza mtu. Alisema, "Tusibishane, tuiulize damu." Akaeleza kwamba huko Nairobi kuna maabara inayoweza kutafuta kingamwili dhidi ya virusi vya tetekuwanga. Aliyewahi kuugua, hata miaka mingi iliyopita, damu yake huwa nazo. Zikikosekana, hakuugua. Akasema yeye mwenyewe ataipeleka damu siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa hufaa zaidi ikiwahi.

Kaka alitoa mkono bila kuniangalia. Mishipa yake ilikuwa imechomwa sana, muuguzi akahangaika kuupata mmoja. Tulipotoka nje akaniambia kwa sauti ya chini, mama asisikie, "Umefurahi sasa? Si uniandikie pia na barua ya kuacha kazi."

Siku mbili za kungoja majibu zilikuwa mbaya. Mama alimpima kaka joto kila mara hadi kaka akamwambia, "Mathe, hicho kipimo kitazoea kwapa langu." Baba alikuwa akitoka kazini anasimama tu mlangoni, anauliza kwa macho, mama anatikisa kichwa. Mimi nilikuwa na aibu ambayo sikumwambia mtu. Kila nilipomwombea kaka majibu mazuri, kuna sehemu yangu iliyotaka niwe nimesema kweli. Haviwezi kuwa vyote viwili. Nikilala najiuliza, msichana gani anataka kushinda kitu kama hicho?

Majibu yaliletwa kwa simu ya duka la jirani. Baba ndiye aliyekwenda kuipokea. Aliporudi, aliketi kwenye kiti cha karibu, mkono ubavuni mwake.

"Hana kinga," akasema. "Anatakiwa Nairobi leo."

Hakuna aliyesema nilikuwa sahihi, na sikutaka waseme. Mama alianza kukunja pajama. Kaka alikaa kitandani kwa muda, halafu akaanza kufunga kamba za viatu.

Alilazwa, akawekewa dripu. Upele ulitoka hata hivyo, lakini kidogo, kifuani na kwenye tumbo, na homa haikupanda. Walimpima damu kila asubuhi kuona kama figo inahimili ile dawa. Siku niliyoruhusiwa kuingia, daktari alikuwa ametoka kumwambia figo inafanya kazi vizuri. Lile duka la vipuri lilikuwa limeshaajiri mtu mwingine.

Kaka alikuwa amegeukia ukutani. Nilisimama karibu na kitanda, sijui niweke wapi mikono.

"Inawasha kweli," akasema, bila kugeuka. "Nyinyi mlivumilia vipi?"

"Mama alitupaka maji ya dawa ya pinki. Tulilia."

Akanigeukia. "Vuta kiti," akasema. "Nieleze mlivyolia."