Kilima Nilichomwamuru Baba Apande

Wiki iliyopita mwanangu alirudi kutoka shule na majani ya leleshwa mfukoni. Nilipogeuza suruali yake niifue, ile harufu kali, kama ya dawa ya kifua, ikanijia puani, nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikalia. Mtoto alidhani nimekasirikia mfuko mchafu. Wala sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimemkumbuka baba.

Kwetu ni upande wa Lanet, na nyuma ya nyumba kuna kilima kilichojaa vichaka vya leleshwa. Kila mwaka, mvua ya kwanza ikishanyesha na mahindi yakishapandwa, kabla palizi haijamfunga mtu shambani, baba alitupeleka mimi na mdogo wangu Kimani kupanda kilima. Kupanda ni kusema tu. Tulifika kwenye mwamba mpana ulio katikati, tukala mandazi, tukanywa chai ya chupa, tukashuka. Vumbi lilikuwa limelala na nyasi zimeanza kuchungulia. Baba alichuma majani ya leleshwa akayasugua kwapani, akatuambia wazee hawakuwa wananunua manukato. Tukirudi nyumbani, mama alimjibu kwamba ndiyo maana wazee waliketishwa nje.

Lazima niwaeleze jambo moja. Mimi ni Wanjiru, jina la mama yake baba, kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza. Kwa hiyo baba hakuniita Wanjiru hata siku moja. Aliniita Maitu, yaani mama yangu, na hakuwa anatania. Nyama ikigawanywa, aliniuliza kwanza kama nimeridhika. Nikimwambia avue viatu vyenye matope, alivua, akisema neno la mama halirudishwi. Nilikuwa na miaka saba, na mnaweza kufikiria kichwa changu kilivyovimba.

Mwaka ule msichana mmoja darasani alijigamba kwamba amefika juu ya kilima chetu na kuona ziwa limejaa flamingo, pinki tupu, kama shuka iliyoanikwa. Kilima chetu, na mimi sijafika juu! Nikaapa kwamba safari hii lazima nifike.

Siku hiyo baba alienda polepole kuliko kawaida. Kila baada ya hatua chache alisimama atuonyeshe mdudu, au afunge kamba ya kiatu, kamba ile ile. Tulipofika kwenye mwamba aliketi, akasema, "Haya, Maitu, tumefika."

"Hatujafika. Leo tunaenda juu."

"Juu ni mbali. Kimani bado ni mdogo."

"Kimani utambeba."

Akacheka kidogo. "Wacha tuende siku ingine, Maitu."

Hapo nikafanya jambo ambalo sijawahi kujisamehe. Nikashika kiuno, kama nilivyokuwa nikimwona cucu, nyanya yetu, yule Wanjiru mwenyewe, akifanya. Nikamwambia, "Mimi ni mama yako. Nimesema twende."

Akaniangalia. Halafu akasimama, akamweka Kimani mabegani, akaanza kupanda.

Huko juu niliangalia ziwa labda dakika moja. Halikuwa la pinki, lilikuwa la kijivu kama maji ya kufulia. Nikaomba mandazi. Baba alikuwa amekaa kando, ametupa mgongo, mkono kifuani, shati limelowa jasho. Nilidhani amenuna. Nikamkaripia, "Usininunie!"

"Sinuni, Maitu," akasema bila kugeuka. "Naangalia ziwa."

Tuliporudi nyumbani mama alituuliza tumefika wapi. "Juu kabisa!" nikasema kwa fahari. Mama aliweka mwiko chini, akamwangalia baba. Baba akaenda kulala jua likiwa bado kali. Kabla mahindi hayajafika magotini, tulimzika.

Nilikuwa nimeshaolewa mama aliponieleza. Moyo wa baba ulikuwa umefura, na daktari alikuwa amemkataza vilima na mizigo. Hata ule mwamba wa katikati mama aliukubali shingo upande, ili sisi watoto tusijue kitu. Mama alisema baba angekufa tu, kilima kiwepo kisiwepo. Nilimshukuru, lakini sikumwamini. Wanasema majuto ni mjukuu, na wangu alinikuta nikiwa mtu mzima.

Nikaenda Njoro kwa cucu, nikamweleza yote. Alikuwa anachambua maharagwe. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza ungo mzima.

"Mimi hakuwa ananiskiza hivyo," akasema mwishowe. "Nikimwambia aende huku, anaenda kule. Lakini akiumwa alikuwa ananiambia. Hata akiwa na bibi na watoto, alikuwa anakuja hapa, anakaa hapo umekaa, ananiambia, 'Maitu, hapa panauma.'"

Mimi hakuniambia. Alinipa heshima zote za mama, isipokuwa hiyo moja. Na ninyi mniamini, nilikuwa mtoto mkaidi, lakini sikuwa mbaya. Angesema tu amechoka, ningemshika mkono, tungeshuka.