Chupa ya Surua

Zahanati hii ya Kongowe inanuka spiriti, na harufu hiyo imenirudisha utotoni, kwenye benchi la zahanati ya Kurui, miguu yangu ikiwa na vumbi hadi magotini. Mama alikuwa amembeba mdogo wangu mgongoni tangu alfajiri, aje achanjwe surua. Nesi alichungulia nje, akaona watoto wawili tu.

"Mama, chupa moja ni ya watoto kumi; nikiifungua, dawa itakayobaki naimwaga. Tusubiri wengine."

Tulisubiri mpaka jua likageuka. Hakuja mtu. Mama hakubishana. Alikaza kanga, akanishika mkono, tukazunguka mashamba ya mihogo.

"Mwenzangu, lete mtoto tufunguliwe chupa."

Wanawake waliokuwa wakipalilia walimwambia kesho. Mama alisimama palepale kwenye matuta mpaka wakaweka majembe chini, wakabeba watoto wao, wakatufuata zahanati.

Mdogo wangu alipochomwa sindano alilia sana. Mama hakumsikia, alikuwa ameshasinzia benchini, kanga mkononi.

Sasa nesi wa hapa Kongowe amechungulia, akatuangalia mimi na dada mmoja, kila mtu na mtoto wake.

"Mpo wawili tu. Labda mrudi wiki ijayo."

Miguu inaniwaka moto kwa mwendo wa kuja. Nimemfunga mwanangu mgongoni, nikaenda kugonga geti la nyumba ya kwanza, nitafute watoto wengine.