Mnada wa Mavuno Hewani

Eunike amenadi mavuno ya usharika wao wa Akheri tangu Irine wake yuko mgongoni, na Irine sasa ana watoto wake. Siku za wiki anauza ndizi soko la Kaloleni, na huko ndiko ulimi wake ulikonolewa: mteja akibonyezabonyeza ndizi bila kununua, anaulizwa lini amekuwa daktari. Jumapili ulimi huo huo unafanya kazi ya Bwana. Ibada ikiisha, sadaka zinapangwa nyasini, mikungu, magimbi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu, na Eunike anawasema watu mpaka wanunue.

Mwaka huu kamati iliamua mnada urushwe laivu, ili wana wa Akheri walioko mbali wanunue kwa simu, na mzigo wapewe wazazi wao. Hilo Eunike alilipenda. Asichokipenda alikileta Sumari, mzee wa kanisa.

"Mama Irine, sasa dunia nzima itatuona. Tumeonelea Agnela wa kwaya ndiye anadi. Wewe, unajua tena..."

"Sijui. Sema."

"Una maneno mengi."

"Maneno hayo hayo ndiyo yaliyoezeka hilo paa unalosinzia chini yake!"

Lakini uamuzi haukubadilika. Eunike alifika nyumbani akamwambia mumewe kwamba hajali hata kidogo, kisha akaosha sufuria iliyokuwa safi. Shule aliishia darasa la saba, kuimba hajui, kwenye vikao haitwi. Mnada ndio uliokuwa mahali pake.

Jumapili ikafika. Agnela, gauni limenyooka, sauti kama ya redioni, akainua mkungu. "Mpendwa mtazamaji, tuna ndizi nzuri. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu." Ukaenda kwa jirani, kwa bei ya chee. Ndipo simu ya Abdiel, kijana wa kamera, ikajaa komenti. Eliya wa Mwanza aliandika: "Nimepandisha bei, mbona mmeuza?" Mkungu wa pili, vilevile. Wa tatu, Eliya akaandika kwamba anazima, bando lake halikuokotwa.

"Picha inawafikia kwa kuchelewa," Abdiel akaeleza. "Huku tumeshasema mara ya tatu, wao bado wanasikia ya kwanza. Inabidi kuwasubiri."

Agnela akajaribu kusubiri. Kimya. Mtu akakohoa. Jogoo akajinyea. Binti wa watu akacheka mwenyewe, akapunga mkono. "Mama Irine, njoo unisaidie! Nikisubiri, maneno yananiishia."

Eunike alikuwa ameshaanza kutembea. Akamkamata jogoo, akaikazia macho kamera kama mteja mbishi.

"Mara ya kwanza! Eliya mwana wa Anyesi, usizime, nakuona! Uko Mwanza unatafuna sato, mama yako huku anakula magimbi na chumvi!"

"Mwambie!" Anyesi akapiga kelele toka kwenye benchi. "Hata kupiga simu hapigi!"

"Umesikia? Au bado hayajakufikia? Hata kuzaliwa ulichelewa, tulikesha na mama yako sisi! Chukua muda wako, mimi maneno ninayo mpaka Krismasi. Mara ya pili! Na nyie wa Dodoma, mnajificha nyuma ya vioo vya ofisi..."

"Eliya amepandisha!" Abdiel akaruka. "Dodoma nao wamepandisha! Eliya tena!"

Watu walishika mbavu. Jogoo akaishia mikononi mwa Anyesi, kwa bei ambayo kwa kawaida hununua mbuzi, na baada yake hakuna yai lililouzwa kinyonge.

Walipokuwa wanakusanya mabenchi, Sumari akamsogelea. "Mama Irine, Jumapili ijayo..."

"Jumapili ijayo nini?"

"Uvae kile kitenge chekundu. Abdiel anasema kwenye kamera rangi hiyo inapendeza."

"Nitavaa ninachotaka mimi!" Eunike akajibu.

Jioni hiyo kitenge chekundu kililoweshwa kwenye beseni, na aliyekuwa anakifua alikuwa anapiga mluzi.