Gari Yangu Imeungua kwa Harusi Yao, Sasa Wanataka Niitengeneze kwa Harusi Nyengine

Admin, jina langu usilitoe, Pemba ni ndogo na watu wa huku wanajuana mpaka kwa namna ya kukohoa. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeolewa, tunaishi Chake Chake na tuna watoto watatu. Nakuandikieni huku nikiwa na hasira, kwa hiyo mkiona maneno makali mnivumilie.

Mtoto wangu wa mwisho ana miaka tisa na miguu yake haina nguvu tangu mdogo. Anatembea kwa magongo, hatua chache tu, kisha anachoka. Skuli iko mbali na kwetu. Ndiyo maana nilinunua gari. Niliinunua mimi, kwa karafuu za shamba nililorithi kwa baba, na mume wangu analijua hilo. Si gari ya fahari, ni kuukuu, lakini kila asubuhi ilimfikisha mwanangu skuli na mchana ikamrudisha.

Sasa huku kwetu ukiwa na gari, basi gari ni ya ukoo. Mgonjwa, maiti, magunia ya karafuu, wote wako kwako, na kwa mgonjwa na maiti sijawahi kusema neno. Lakini siku ya harusi ya binti wa marehemu shemeji yangu, alikuja shemeji mwengine, mdogo wake mume wangu, kuiomba impeleke bibi harusi Jadida, kule Wete kwa mumewe. Nikampa ufunguo, nikamwambia, "Shemeji, tazama mshale wa joto. Ukipanda tu, simama, uiache ipoe." Akacheka, akaniambia, "Wewe wanfundisha mie gari?"

Jioni ilirudi imeoshwa inang'aa. Akasema, "Gari yako hiyo, nzima kama ulivyonipa." Asubuhi yake nikampakia mwanangu. Tulipofika Gombani moshi mweupe ukatoka, gari ikazima katikati ya barabara. Nikambeba mtoto mgongoni, magongo nimeyashika mkononi, watu wananitazama.

Fundi alipoifungua, oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akaniambia, "Bi, maji yameingia kwenye oili. Hedi gasketi imeungua, na hedi yenyewe, hiki kifuniko cha juu cha injini, imepinda. Gari hii imechemka sana na mtu kaendelea nayo tu." Itabidi hedi ifunguliwe, ipitishwe Mkoani kwenye boti, ikasawazishwe Unguja.

Nilipomuuliza shemeji alikataa katakata. Tena mbele ya mume wangu akasema, "Mie nliirudisha nzima. Huyu ndo kaiua, wanawake na gari wapi na wapi." Na mume wangu, baba wa mtoto yule, akanigeukia mimi akaniuliza kama nilitia maji kabla ya kuwasha. Siku ile nilitamani nimtupie sufuria.

Ukweli niliupata kwa bibi harusi mwenyewe. Alipomaliza fungate alikuja kuniamkia, akaiona gari imesimama uani boneti iko wazi, akaanza kulia. Akanambia, "Mama mdogo, mie nliona. Hatujafika hata nusu ya njia, moshi ukaanza kutoka. Ami akataka kusimama. Shangazi akamwambia enda, gari ya bibi harusi haisimami njiani, ni nuksi, ndoa haitadumu. Tukenda vivyo hivyo mpaka Jadida, ndani mnanuka moto, na nyuma wanapiga honi."

Yaani wote walijua. Shemeji alijua, wifi yangu mkubwa alijua kwani ndiye huyo shangazi aliyetoa amri. Walipofika wakaiacha ikapoa, wakaijaza maji, wakaiosha, wakaniletea. Wakanyamaza. Kisha wakaniachia nimpakie mtoto mlemavu.

Nilimwendea wifi, nikamwambia yote niliyoyasikia. Hakukana. Alinitazama tu akasema, "Sasa wataka tumvunjie mtoto ndoa kwa sababu ya chuma? Ishakuwa, ni kadari. Itengeze upesi, maana Ramadhani ikisha, mfunguo mosi, twampeleka mwenzake." Yaani gari haijafungwa bado wameshaipangia bibi harusi wa pili. Hata pole sikupewa.

Fedha za kutengeneza ninazo, msidhani nalilia fedha. Nilimsimulia mume wangu yote, nikamwambia nitaitengeneza kwa sharti moja, ufunguo ukae kwangu na harusi yoyote isiiguse. Akakasirika yeye badala yangu. Akasema, "Mie siwezi kuwanyima ndugu zangu gari iliyolala uani kwangu. Kama ya kunyimana, kailaze kwenu." Wanawake wenzangu mnajua hiyo "kwenu" maana yake nini.

Basi gari imekaa, kuku wanalala chini yake. Mwanangu haendi skuli. Bodaboda hawezi, alishawahi kuanguka nayo. Wenzake wakipita asubuhi anawasikia, anajifanya amelala. Nikitengeneza nikawapa, wataiua tena, kwa sababu wale hawasimami. Nikitengeneza nikawanyima, ndoa yangu iko mashakani. Wengine wananiambia niuze kama skrepa tukose sote, na siku nyengine hasira zikinipanda naona ndivyo.

Juzi tulizozana mimi na baba yake, tukadhani mtoto yuko nje. Baadaye nikiwa namsuka nywele akaniambia, "Mama, usigombane na baba. Mie nshazowea kukaa nyumbani."

Mtoto wa miaka tisa, ameshazoea. Mimi sijazoea na sitaki kuzoea. Jamani mlio na akili iliyotulia, maana yangu imechemka: hii gari niitengeneze au nifanye nini?