Fundi Aliyeacha Kunipa Mkono

Katika Malaba nzima nilikuwa na fundi mmoja tu niliyemwamini, na siku moja, saa nne asubuhi, nusura nimfanye auawe. Naandika hivyo bila kujipamba. Watu wakisimulia kisa hiki hucheka, na mimi hucheka nao. Nikiwa peke yangu sicheki.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Kutwa nasoma karatasi za malori yanayovuka kwenda Uganda, na karatasi zina uongo mwingi kuliko watu. Dereva akisema amebeba sabuni, mimi naenda kutazama matairi yamelala vipi. Miaka ishirini ya kazi hiyo imeniharibu. Nikiuziwa samaki wa Port Victoria, namfunua mashavu mbele ya yule aliyemvua. Binti yangu, ambaye ni muuguzi huko Kocholia, husema nikifika mbinguni nitamwomba malaika wa mlangoni anionyeshe kibali chake cha kazi.

Gari lenyewe lilikuwa anasa yangu. Dogo, la milango miwili, limekaa chini kama chura, na injini yake inaguna hata likiwa limesimama. Nililinunua likiwa limetumika, kwa mtu wa Busia aliyekuwa anahama. Watu wakauliza mama mzima anatafuta nini ndani ya gari la mbio. Nilikuwa natafuta raha, na sikuona sababu ya kumweleza mtu. Ila raha yenyewe haikumaliza wiki. Kila tuta kati ya Busia na Malaba lilinipanda kutoka kiunoni hadi kwenye meno, na kwenye kona gari lilirukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Ndipo nikaelekezwa kwa huyu fundi. Alikuwa Mteso wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye gereji ya wazi karibu na foleni ya malori. Aliliinua gari kwa jeki, akaingia chini, na kabla sijauliza lolote akaniita.

"Bosi, kuja uone mwenyewe."

Nilichuchumaa na sketi yangu ya kazi nikaona. "Huyu mtu alikata springi na grainda ndio gari ikae chini, ionekane kali," akaniambia. "Sasa kazi ya springi inafanywa na shoki. Hizi za mbele zimekufa, cheki vile zinatoa mafuta. Na hizi raba za bushi zimepasuka zote."

Nilimwamini kwa neno moja: kuja uone. Mafundi wengine wote niliowahi kujua waliniambia nikae kwenye kiti ninywe soda. Huyu aliniita kila mara. Tulianza na bushi, zile raba za kwenye maungio ya vyuma, kwa sababu alisema kufunga shoki mpya juu ya bushi mbovu ni kuharibu shoki. Kila akimaliza hatua moja tulitoka pamoja kujaribu gari, mimi kwenye usukani na yeye kando yangu, sikio ameliegemeza mlangoni. "Hapo. Umeskia? Hiyo ni ya nyuma, kulia." Na tukiagana alininyoshea kifundo cha mkono, maana viganja vilijaa grisi, nami nikakishika. Nilikuwa narudi ofisini na alama nyeusi kwenye vidole na sikuona haya.

Shoki, vile vyuma vinavyomeza mtikisiko, nilizitafuta mwenyewe. Zilikuwa kuukuu kutoka Japani, lakini nzima, za ile aina ambayo springi yake imo juu yake na mwili wake una nyuzi kama bolti kubwa. Ukizungusha mwili huo kwenye kishikio chake cha chini, gari linapanda au linashuka upendavyo. Ni vitu adimu huku kwetu. Na hapa mpakani kila mwenye gari anajua kwamba kipuri kizuri kikiingia gereji asubuhi, kinaweza kuwa kimevuka mto kabla ya chai. Kwa hiyo kila mtu ana alama yake ya siri. Kuna wanaokwaruza kwa msumari, kuna wanaofunga uzi. Mimi niliweka tone la rangi ya kucha, nyekundu, kwenye kila shoki, upande utakaotazama nje. Sikumwambia mtu. Fundi nilimwamini, na alama nikaiweka.

Miezi hiyo mpaka ulikuwa umefurika malori na sikupata nafasi. Binti yangu ndiye aliyekuwa akinipelekea gari gereji siku zake za mapumziko, na shoki zilifungwa yeye akiwepo. Nilipopata nafasi ya kwenda mwenyewe, nikakuta fundi mwingine katika mwili wa yule yule.

Hakunipa mkono. Nilimnyoshea wangu, akainama kuokota spana ambayo haikuwa imeanguka. Hakuniita bosi, aliniita mama, kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye boneti. Nikamwambia twende tujaribu gari. "Enda tu, mama. Utaniambia vile imekuwa." Nilienda peke yangu, na mbele kushoto nikasikia ko, ko, ko kila nilipopita penye mawe. Niliporudi hakuwepo. Alikuwa nyuma ya lori, nikaviona viatu vyake kupitia chini ya tela. Akamtuma jirani yake, mzee wa kuchomelea vyuma, aniletee jibu: ule mlio ni wa linki, kile chuma chembamba kinachounganisha gurudumu na kile chuma kingine cha kuzuia gari lisilale kwenye kona. Kimekwisha, nilete kingine.

Fundi aliyekuwa akiniita kuja kuona sasa ananitumia ujumbe kwa mdomo wa mtu mwingine! Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Nilirudi mara mbili, na mara zote mbili alitokea upande wa pili wa gari nilipoingia upande huu. Nikaketi kitako, nikamchambua kama ninavyochambua karatasi za mizigo. Mtu asiyekuangalia ana kitu chako. Hilo sikuliona kuwa dhana, niliona ni kazi yangu ya miaka ishirini.

Iliniuma, nisiseme uongo. Ningeibiwa na fundi mwingine ningekasirika tu. Kwa huyu nilihisi kama nimeachwa.

Asubuhi ya siku ya nne nilienda na tochi. Niligeuza usukani hadi mwisho, nikapiga magoti, nikamulika shoki ya kushoto. Hakuna nyekundu. Nikaenda kulia. Hakuna. Kumbe nilichoshuku siku zote hizo kilikuwa kweli.

"Shoki zangu ziko wapi?"

Alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwangu, akitazama ardhi. "Mama, ziko hapo."

"Niangalie nikikuuliza! Umemuuzia nani shoki zangu?"

"Mama, mimi siwezi bishana na wewe," akasema, na akanigeuzia mgongo.

Ule mgongo ndio ulionimaliza. Nikapiga kelele: mwizi. Nikaita mara ya pili, kwa nguvu zaidi.

Kwetu neno hilo halirudi mdomoni. Madereva wa malori walikuwa wamekaa kwenye foleni tangu jana, wamechoka, wanatafuta kitu cha kufanya. Walishuka kama waliokuwa wakisubiri kuitwa. Mmoja alikuwa na spana ya magurudumu, ile ndefu. Fundi hakukimbia wala kujitetea. Alisimama tu vile vile, amenipa mgongo, mikono imening'inia, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona hata hiyo ni dalili ya hatia.

Mzee wa kuchomelea alitupa miwani yake chini, akaja akasimama katikati yao. "Mama, nyamaza! Utaua mkwe wako!"

Sikuelewa. Hata madereva hawakuelewa, ila neno mkwe liliwasimamisha. Mzee akanishika mkono, akanivuta hadi kwenye gurudumu, akanilazimisha nilale chali kwenye vumbi nitazame kutoka ndani. Tone langu jekundu lilikuwepo, limetazama injini. Fundi alikuwa ameinua gari vidole viwili ili lisikwaruze kwenye matuta yetu, na ili aliinue ilibidi azungushe mwili wa shoki. Alama ikazunguka nao. Mlio ulikuwa wa linki, kama alivyosema.

"Sasa mbona hakuniambia mwenyewe?" nikauliza nikiwa bado chini.

Mzee alinitazama kama mgeni. "Na wewe si ni Mluhya?"

Nikakumbuka ni nani aliyekuwa akinipelekea gari gereji. Kwetu, na kwa Wateso pia, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono. Hawakai kiti kwa kiti, hawaangaliani usoni, na kubishana ndiyo kabisa. Mimi mwenyewe nilimwona baba yangu, huko Khunyangu, akiingia shambani kwa watu ili asikutane na bibi yangu njiani. Kila jambo nililoliandika kichwani kama ushahidi wa wizi, lilikuwa heshima. Alikuwa ameniheshimu hadi mbele ya spana ya dereva.

Jioni hiyo binti yangu alikuja na hakuketi. Walikuwa wamekubaliana kuoana tangu siku za kufunga shoki, akasema. Ukoo wa fundi ulikuwa haujaja kwetu kuposa, kwa hiyo hakuna mtu ambaye angemlaumu kwa kunipa mkono. "Lakini alisema akishajua kwa roho yake wewe ni mama mkwe, hawezi jifanya hajui."

"Na wewe kwa nini ulinificha?"

"Ningekuambia, ungemfungulia faili," akasema. Akalia kwa hasira, na nilipomkaribia alirudi nyuma.

Ukoo wa fundi ulikuja hata hivyo, baada ya miezi kadhaa na baada ya mimi kutuma watu wawili wa heshima kwa mama yake. Mambo yakafanyika kama yanavyofanyika. Yeye alikaa huko kwa wanaume, kofia imeshuka, mimi nikabaki jikoni, na hakuna aliyeitaja gereji. Linki mpya ilifungwa. Gari lilikuja kutulia barabarani kuliko siku niliyolinunua, na bado ni yeye anayelitengeneza, binti yangu akilipeleka. Lakini msamaha sikuwa nimeomba. Ningeuomba vipi, kwa mtu ambaye heshima yenyewe inamtaka anikimbie? Nilianza kushuku kwamba mila ilimpa njia nzuri ya kunichukia bila mtu kujua.

Halafu mwezi uliopita nilikuwa naelekea Kocholia mchana, na kwa mbele nikaona pikipiki ikija. Gari langu linajulikana. Pikipiki ikasimama, mwenye nayo akashuka, akanipa mgongo, akawa anatazama mtama wa watu. Ilinipasa nipite haraka nimwache huru. Nikasimama. Nilishusha kioo.

"Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe."

Hakugeuka. Nikajua nimeharibu tena, nimemvunjia heshima ile ile aliyoilinda. Kisha akauambia mtama, taratibu:

"Mama, hapo mbele kwa kona kuna shimo mbaya. Shika kulia, na uende pole pole."

Nilipandisha kioo nikaondoa gari. Barabara hiyo nilikuwa nimeipita siku mbili kabla, na kwenye kona ile hapakuwa na shimo. Anataka tu niondoke, nikajiambia. Na kushika kulia ni kuingia upande wa magari yanayokuja. Kona ilipokaribia, lami ilionekana safi hadi mwisho wa macho yangu. Nikapunguza mwendo, nikashika kulia bila kusubiri kuona.