Kura ya Kizimba cha Mlangoni

Tereza wa Majengo, ambaye sokoni wote humwita Mama Hilda, ameuza mtama na uwele tangu soko likiwa la mabati ya kutu. Lilipokarabatiwa, kizimba cha mlangoni kikawa kinakodolewa macho na kila mtu, maana mteja akiingia hukutana nacho kwanza. Mwenyekiti wa soko, Stanley, akatangaza: "Jumamosi tutapiga kura." Tereza akaridhika. Kura anayoijua yeye ni vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya kofia. Unatia mkono, unatoka na bahati yako. Ndivyo walivyogawana vizimba miaka yote.

Jumamosi hiyo redio ya Rajabu, muuza viungo wa jirani, ilikuwa na habari za uchaguzi mkuu wa wabunge katika kisiwa kimoja cha Karibea. Chama tawala kimeangushwa, waziri mkuu amekubali kushindwa na kwenda zake nyumbani.

"Ndiyo wapi huko, Rajabu?"

"Mbali, Mama Hilda. Jina tu ndilo la karibu."

Stanley naye aliisikia, na mjanja hakosi la kuokota. Kofia hakuileta. "Tufanye kama wenzetu wa Karibea," akasema. "Demokrasia. Anayemtaka Elieth mlangoni, anyooshe mkono." Elieth ni shemeji yake, hata debe la nafaka hajawahi kupima pale. Mikono ikanyooka: wajomba, mashangazi, na vijana wa bodaboda ambao sokoni huja kula tu. Hebu niambie, huo ni uchaguzi au harusi ya ukoo?

Tereza akasimama. "Mwenyekiti, huko Karibea wananchi wamemtoa mkubwa. Hapa mkubwa ndiye anayetutoa sisi. Kama ni kura ya mikono, basi tuanze na kiti chako. Asiyemtaka Stanley, anyooshe."

Wauzaji wakanyoosha, wa mbele hadi wa nyuma, na Rajabu akanyoosha yote miwili. Mikono ilikuwa mingi kuliko ile ya kwanza, kila mwenye macho aliiona. Stanley akainuka, akajipangusa suruali. "Hilo halimo kwenye ajenda, mama. Kikao kimefungwa."

Jumatatu Elieth akapanga mchele wake mlangoni. Tereza wakamsukumia nyuma kabisa, ubavuni mwa choo, na Stanley bado ni mwenyekiti.